Meza ya mguso: kamera haioni vidole vizuri

Swali: Wakuu, natengeneza meza ya mguso: nina akriliki (plastiki angavu) ya milimita 10, LED za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) za nanomita 850 pembeni, kamera chini ya kuona mwanga unaotoka pale kidole kinapogusa. Nikigusa, alama ni hafifu mno, na mchana picha nzima inakuwa nyeupe. Shida iko wapi?

Jibu: Mkuu, anza na kingo za akriliki. Zikibaki na mikwaruzo ya msumeno, mwanga hutawanyika pale pale badala ya kuingia. Piga msasa wa maji namba 400, 800, halafu 1500, kisha polishi mpaka zing'ae. Vidole vikavu navyo havigusani vizuri na akriliki, hivyo mwanga hautoki. Pakaza juu utando mwembamba wa silikoni.

Jibu: Na umeme je? Kwa volti 12, unga LED 6 mfululizo. Kila moja hula kama volti 1.5, zinabaki 3. Rezista ya omu 62 inakupa karibu miliampia 48. Usiziunge sambamba kwa rezista moja, zitagawana mkondo vibaya na moja itaungua.

Jibu: Huo weupe ni jua. Ng'oa kichujio kinachozuia infraredi kwenye lenzi ya kamera, kisha weka vipande viwili vya negativu nyeusi ya filamu ya rangi iliyosafishwa. Inazuia mwanga wa kawaida tu. Jua lenyewe lina infraredi, hivyo pazia ni lazima.