Mkono unawasha na kuwaka moto, upele hakuna, dawa za aleji zimegoma. Msaada wakuu

Dereva wa Mtera:

Habari za saa hizi wakuu. Mnisome mpaka mwisho maana nimechoka.

Ni dereva wa Fuso, umri miaka 46. Napakia Dodoma, nashusha Iringa kwa njia ya Mtera, narudi na mbao. Tatizo ni mkono wa kulia, kuanzia juu kidogo ya kiwiko kushuka upande wa nje mpaka karibu na kifundo. Unawasha, lakini si kuwasha kwa mbu wala upupu. Naona kama kitu kinatembea ndani ya nyama, halafu kinageuka moto. Nikijikuna ndiyo nauchokoza. Usiku nashtuka nimejichana mpaka damu, na ukiutazama mkono wenyewe huoni kitu zaidi ya mikwaruzo ya kucha zangu.

Ulianza mwaka juzi. Mvua zikishika unapungua, ikifika mwezi wa tisa na wa kumi natamani niukate. Nimemeza piriton, nikahamia cetirizine, nikapaka dawa ya fangasi, nikapewa BBE, ile dawa ya kupaka ya upele wa kuambukizana (skabi), tukapaka familia nzima wakati hakuna mwingine anayewashwa. Kuna tyubu niliuziwa duka la dawa, mwanzoni ilituliza, sasa ngozi ya hapo imekuwa laini na nyeupe kuliko kwingine. Kitu pekee kinachokata ni chupa ya maji iliyoganda. Nikiiweka mkononi muwasho unazima hapo hapo, ikiyeyuka unarudi.

Mama watoto anasema kuna mkono wa mtu. Natanguliza shukrani.

Kizota Kwetu:

Pole mkuu. Sukari umepima?

Sharubu:

Hii ya hospitali hutaiweza. Kuna mzee namfahamu, njoo PM.

Mama Chidachi:

Sharubu kila uzi una mzee wako. Mwache mwenzio.

Kaka pole sana. Mama mkwe wangu alitoka mkanda wa jeshi ubavuni. Malengelenge yakakauka, kovu likabaki, lakini ubavu ukaendelea kuwaka na kuwasha, hata gauni likimgusa anaguna. Panadol na diclofenac wapi! Daktari akamwanzishia amitriptyline, dozi ndogo ya usiku, akatuonya mapema: mkisoma karatasi ya ndani mtakuta imeandikwa ni dawa ya sonona, msikimbie, kwa dozi hii inatuliza mishipa ya fahamu. Haikuwa kesho yake, ila alilala. Mdomo ulimkauka na choo kikawa kigumu, hayo tuliambiwa. Wewe uliwahi kutoka malengelenge hapo?

Tabibu wa Zamu:

Dereva, kilichonivuta ni hiyo chupa ya barafu.

Muwasho wa mkono upande wa nje, upele hakuna, msimu wa jua kali unazidi, dawa za aleji haziufikii, barafu inaukata. Maelezo haya yanaelekea kwenye hali ambayo vitabu vyetu vinaiita brachioradial pruritus. Ngozi yako inasingiziwa tu, mwenye makosa ni mishipa ya fahamu. Ile inayohudumia sehemu hiyo ya mkono inatoka shingoni, usawa wa pingili ya tano na ya sita. Pingili zikisagika au diski ikisogea, mshipa unabanwa pale pale unapotokea. Upande mwingine, jua la miaka mingi linachosha nyuzi ndogo za mishipa hiyo zilizo ndani ya ngozi. Wengi wetu tunaamini vyote viwili vinashirikiana, ndiyo maana si kila mwenye shingo mbovu anawashwa.

Piriton na cetirizine kazi yake ni kuzuia histamini, kemikali ya mwili inayoleta muwasho wa aleji. Kwako histamini haina kesi. Piriton ikikupa nafuu usiku, jua imekulaza tu.

Nijibu haya. Shingo inauma au iliwahi kuumia? Kuna ganzi vidoleni? Vitu vinakuponyoka? Ukiwa barabarani mkono unakaa wapi? Halafu funga macho, mtu akuguse na pamba panapowasha, kisha mkono wa pili. Ukikuta baka usilohisi kabisa, tunabadilisha mazungumzo, tunaanza kuutafuta ukoma. Ukoma bado upo nchini, dawa zake ni bure na unapona, ila mishipa iliyokwisha kufa hairudi.

Dereva wa Mtera:

Dah. Mkono uko dirishani muda wote, Fuso langu halina AC. Na sasa ndiyo nafikiria: natoka Dodoma mchana, kuelekea Mtera jua la alasiri liko upande wangu. Narudi asubuhi, jua limehamia upande ule ule wa kwangu. Mkono wa kushoto hauna shida.

Shingo ndiyo, inauma. Kabla ya usukani nilikuwa kuli soko la Kibaigwa, magunia ya mahindi tunayapiga shingoni na begani. Hata leo nikigeuka kutazama nyuma inalia. Ganzi hakuna, pamba nimeihisi kote, nguvu ninazo. Sukari nilipima ikawa sawa. Malengelenge sijawahi, mama.

Gia ya Tano:

Dereva mwenzangu, ni sawa na taa ya oili kuwaka kwenye dashibodi. Unamwaga oili, unaweka mpya, taa bado inawaka. Kumbe waya umechubuka.

Kizota Kwetu:

Kwa nini asichome dexa? Jirani yangu alichoma, muwasho kwisha.

Tabibu wa Zamu:

Kizota, usimpeleke huko. Dexa ni steroidi. Inapandisha sukari, inashusha kinga, na kwa muwasho wa neva haina kazi kubwa. Hata ile tyubu aliyouziwa, ngozi kulainika na kuweupa vile kunanipa wasiwasi ilikuwa steroidi kali. Dereva, iweke kwenye mfuko uende nayo kwa daktari, pamoja na mabaki ya dawa zote ulizotumia. Itaokoa muda kuliko kusema "nilipewa vidonge vyeupe".

Anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa, omba kuonwa na daktari wa ngozi. Akupime shingo, nguvu na hisia za mikono yote miwili. Damu iangaliwe wingi wake, figo, ini, na VVU pia, maana figo na ini vikichoka vinaleta muwasho usio na upele, ingawa mara nyingi huo ni wa mwili mzima. Eksirei ya shingo inaonyesha mifupa, mishipa haionyeshi. MRI isiwe ya kwanza kwako. Ila mkono ukianza kuishiwa nguvu, miguu ikawa mizito, au ukashindwa kuzuia mkojo, hapo usisubiri tarehe ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo.

Leo hii bila kumuona mtu: vaa zile soksi za mikono za bodaboda, au shati la mikono mirefu lenye kitambaa kizito. Usitegemee kupandisha kioo, kioo cha kawaida cha gari bado kinapitisha sehemu ya mionzi. Barafu endelea nayo, ila izungushie kitambaa. Kata kucha.

Kuna krimu ya capsaicin, imetokana na kile kinachofanya pilipili iwe kali. Siku za mwanzo inaunguza, wengi wanaiacha hapo hapo kabla haijafanya kazi. Unanawa mikono kwa sabuni, hugusi macho, hupaki penye kidonda. Na tafadhali, mtu asiende jikoni kusaga pilipili kichaa akapaka.

Ikishindikana, zipo gabapentin na pregabalin, dawa za kumeza za kutuliza mishipa ya fahamu.

Dereva wa Mtera:

Hizo mbili za mwisho, naweza kumeza na kuendesha?

Tabibu wa Zamu:

Swali zuri, na hospitali ulianze wewe, kwenye foleni hawakumbuki kuuliza kazi yako. Zinaleta usingizi na kizunguzungu, hasa mwanzoni na kila dozi inapopandishwa. Huwa tunaanza na dozi ndogo ya usiku. Anza ukiwa nyumbani, huna safari, ujione zinakupeleka vipi. Mpaka ujue hivyo, usukani usiuguse. Pombe weka kando kabisa. Mwenye figo dhaifu anapunguziwa dozi, ndiyo maana nimetaja kipimo cha figo. Zikishakukubali, usije ukaziacha ghafla kwa sababu umepata nafuu, zinapunguzwa taratibu. Hata amitriptyline ya Mama Chidachi ina usingizi wa asubuhi, usiione nyepesi.

Na shingo utafutiwe mtu wa fiziotherapia. Kwako naiweka juu ya vidonge.

Dereva wa Mtera:

Nimeelewa. Safari ya wiki hii nampa mdogo wangu, mimi naenda kupima. Soksi za mikono nimeshanunua, turnboy ananicheka.

Nkuhungu Boy:

Samahani kudandia uzi. Mimi ni mgongoni, chini ya bega la kushoto, karibu na uti wa mgongo. Panawasha miaka, hapafikiki, pamefanya weusi. Ndiyo hiyo hiyo?

Tabibu wa Zamu:

Ndugu yake. Ya kwako inaitwa notalgia paresthetica, mishipa yake inatokea mgongoni, usawa wa kifua. Weusi mara nyingi unatokana na kukuna. Kama ni siku nyingi na haujabadilika, si hatari, lakini doa likiota uvimbe, likitoa damu au rangi ikichanganyika, onyesha haraka. Na hilo rula unalojikunia liweke mbali.

Nkuhungu Boy:

Umejuaje ni rula?