Masikio yamezoea rumba, sasa jazi, raga na dabu vinanigomea. Nyie mliingiaje?

Gitaa la Pili:

Wakuu, salaam.

Mimi ni mtu wa rumba na dansi. Niwekee OK Jazz, bendi ya Franco wa Kongo, nitakutajia kila gitaa linafanya nini: rithim imekaa wapi, mi-solo inapenya vipi katikati, solo inavizia wapi. Mlimani Park wa hapa Tanzania nao vilevile, na chemko, ile sehemu ya kasi ya mwisho, likianza naomba mtu asinisemeshe.

Sasa nimeamua kutanua masikio, na kila ninakogusa nagonga mwamba.

Jazi kwanza. Wanaanza na wimbo mtamu kabisa, dakika moja tu, halafu kila mtu anashika njia yake. Saksafoni inazunguka weee, piano nayo, mpaka besi inadai zamu. Wimbo wenyewe umekwenda wapi? Mwishoni kabisa unarudi, kama vile hakuna kilichotokea.

Raga za India ndiyo usiseme. Mpiga sitari, ala yao ya nyuzi yenye shingo ndefu, anapapasa sauti mbili tatu, ngoma hakuna, mpigo hakuna. Nangoja wenzake waingie. Nangoja. Nazima.

Dabu: mwimbaji anakatwa katikati ya neno, gitaa linachungulia na kupotea, kinachobaki ni mwangwi. Kuna watu wanaiita kazi ya sanaa, mimi nasikia rege iliyotolewa nyama.

Kila nikisikiliza, kichwani nalinganisha na rumba, na rumba inashinda kila mara. Jamaa yangu ananiambia hapo ndipo ninapojiharibia, niache kulinganisha. Nitaachaje wakati masikio ndiyo haya haya? Naomba uzoefu wa waliowahi kuingia kwenye muziki mgeni wakaupenda kwa dhati, si kwa kujionyesha. Kulinganisha na ule wa zamani kunasaidia au kunaharibu?

Nawasilisha.

Besi Mbele:

Mkuu, hiyo dabu uliisikilizia kwenye nini? Kama ni spika ya simu, hujaisikia bado.

Spika ndogo kama ile haiwezi kutoa sauti za chini, na dabu imejengwa juu ya sauti za chini. Akina King Tubby kule Jamaika, miaka ya 1970, walikuwa wanachukua rege ambayo imesharekodiwa, wanapunguza sauti ya mwimbaji mpaka anabaki vipande, wanasukuma besi na drams mbele, kisha wanarusha mwangwi hapa na pale. Meza ya kuchanganyia sauti ndiyo ala yenyewe na fundi ndiye mpigaji. Simu imekunyima besi, ikakuachia makombo ya mwimbaji. Lazima uone imetolewa nyama.

Halafu angalia mpigo. Kwenye rege ya mtindo wa wan dropu, mpigo wa kwanza unaachwa wazi, uzito wa drams unaangukia wa tatu. Mtu aliyezoea kupokelewa mlangoni atadhani nyumba haina mwenyewe. Tafuta hedifoni nzuri au spika yenye kifua, fuata besi peke yake mpaka mwisho, wengine wote wapuuze.

Sikio Kavu:

Jamaa yako yuko sahihi. Acha kulinganisha.

Chukua gamelani ya Bali, kule Indonesia, kundi la ala za shaba za kugongwa. Mtu wa magitaa akiisikia atasema ala hazijatyuniwa vizuri. Kumbe zile ala huundwa jozi jozi, na moja inatyuniwa juu kidogo ya mwenzake kwa makusudi, ili zikigongwa pamoja sauti itetemeke, ipumue. Tena kila seti ina tyuni yake, huwezi kuazima ala ya seti hii ukaipeleka ile. Kwa kipimo cha gitaa lako fundi yule amefeli. Kwa kipimo chake, gitaa lako limelala. Utalinganisha nini hapo?

Weka rumba kabatini kwa muda. Chagua rekodi moja ngeni, moja tu, irudie mpaka uijue inakoelekea. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alishaonyesha kwa majaribio, mwaka 1968, kwamba kitu tukikutana nacho mara kwa mara tunaanza kukipenda kwa sababu hiyo tu. Huhitaji falsafa.

Mama Kanuni:

Sikio Kavu, habari za kutyuni umesema kweli tupu, lakini hilo la kabati sikubaliani nalo. Nimepiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, kwenye taarab sehemu kubwa ya maisha yangu, na kila muziki mgeni nilioupenda niliingia kwa mlango wa huu ninaoujua. Hata gamelani yako: muulize nani anashika muda. Upatu mkubwa unapigwa kufunga mzunguko, na ukishajua utalia wapi, hayo mengine yote yanakaa. Mwanangu wa rumba anajua swali hilo, amelizoea kwenye rithim. Wewe unamwambia alisahau.

Sasa mwanangu Gitaa la Pili, tuanze na raga, maana ndiyo umeionea zaidi.

Yule mpiga sitari hapapasi. Anakutambulisha sauti za raga hiyo, moja baada ya nyingine, ipi ni nyumbani, ipi ya kupita tu, ipi inafikiwa kwa kuzunguka. Sehemu hiyo inaitwa alapu, na haina mpigo kwa makusudi. Sisi kwenye taarab tunayo ndugu yake, taksimu: kanuni au udi unatembea peke yake kabla ya wimbo, mpenzi wa taarab hakereki kwa sababu anajua kinakuja nini. Tofauti ni kwamba alapu inaweza kuchukua nusu saa na zaidi. Baada yake mpigo unaanza kusikika ingawa ngoma bado, kisha kasi inapanda, halafu tabla, ngoma mbili ndogo za mtu mmoja, inaingia na safari inaanza upya kuelekea kwenye kasi. Polepole kwanza, moto baadaye. Unalijua umbo hilo, wewe mwenyewe unaliita chemko.

Kwa hiyo fanya kinyume. Chukua rekodi ndefu, anzia pale tabla inapoingia. Mara nyingi itakuwa tintali, mzunguko wa mapigo 16, mafungu manne ya mapigo manne manne. Piga kofi kwenye wa 1, wa 5 na wa 13, na kwenye wa 9 usipige, geuza kiganja juu tu. Sikiliza ngoma ya kushoto, ile nene: kwenye fungu hilo la tatu inazuia mguno wake, sauti inakuwa nyepesi, halafu uzito unarudi kukuonya kwamba wa 1 unakaribia. Mpiga sitari anaweza kuzurura atakavyo, lakini yeye na tabla watakutana kwenye huo wa 1. Wakikutana baada ya kuzurura mbali, utajikuta umetikisa kichwa bila kuambiwa. Ukishaonja hapo, rudi mwanzo usikilize alapu. Utasikia anakuandalia nini.

Jazi. Unauliza wimbo umekwenda wapi. Upo, umeshuka chini. Sikiliza "So What" ya Miles Davis, ya mwaka 1959, imepangwa wazi mno. Besi inauliza, wenzake wanajibu kwa mkato, sauti mbili tu, kama kiitikio. Baa 8 (baa ni fungu la mapigo manne), zinarudiwa baa 8, kisha kitu kizima kinapandishwa nusu sauti kwa baa 8, kinashuka tena kwa baa 8. Jumla 32. Tarumbeta ikianza solo, zile 32 zinaendelea kuzunguka vilevile chini yake. Wewe endelea kuimba kimoyomoyo yale maswali ya besi, na sehemu ya tatu ikifika utasikia sakafu inainuliwa kidogo. Basi, hujapotea.

Na sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea kwenye rumba, ni nini kama si hivyohivyo? Magitaa mawili yanazungusha kodi chache (mafungu ya sauti zinazopigwa pamoja), solo anabadilisha misemo juu yake, hakuna anayeuliza wimbo umekwenda wapi kwa sababu miguu ina kazi. Kwenye jazi umekalishwa kitini, ndiyo maana umepata nafasi ya kulalamika.

Dabu siiwezi, niwe mkweli. Namwachia Besi Mbele.

Rekodi Kuukuu:

Mama amemaliza, naongeza njia ya mkato tu.

Rumba yenyewe ina undugu wa karibu na Kuba. Kuanzia 1933 kampuni ya EMI ilitoa mfululizo wa santuri za G.V., nyingi zikiwa za son ya Kuba, zikasambaa Afrika na wanamuziki wa Kongo wakazinywa. Sikiliza son: beti kwanza, kisha montuno, pale kiongozi na waitikiaji wanapopokezana juu ya kodi chache. Utacheka, utadhani ni mjomba wa sebene. Kutoka hapo ingia kwa Dizzy Gillespie, mpiga tarumbeta wa jazi, ambaye mwaka 1947 alimchukua mpiga konga (ngoma ndefu za mikono) wa Kuba, Chano Pozo, kwenye bendi yake. Hapo utakuwa ndani ya jazi na bado kuna mkono unaoufahamu.

Kama unachopenda kwenye rumba ni magitaa kusukana, yaani kila moja lina kidogo na utamu unatoka kwenye mchanganyiko, basi jaribu Steve Reich. Mmarekani, alikwenda Ghana 1970 kujifunza ngoma, mwaka uliofuata akamaliza kazi ya ngoma inayochukua karibu saa nzima, imetokana na mdundo mmoja mfupi tu. Wapigaji wawili wanaanza pamoja, mmoja anaongeza mwendo kidogo kidogo mpaka anamtangulia mwenzake kwa mpigo mmoja, na kwenye ule mwachano zinazaliwa tuni ambazo hakuna aliyezipiga. Wengine inawachosha vibaya. Mtu wa mi-solo nadhani atakaa.

Gitaa la Pili:

Mama Kanuni, shikamoo. Wengine wote asanteni sana.

Mrejesho. Tintali nimeishika, ila kila nikifika wa 13 mkono unachelewa. Ile ngoma ya kushoto kunyamaza nimeisikia, na kweli, sasa najua wa 1 unakuja kabla haujafika. Alapu bado ndefu, lakini siizimi tena, naisikiliza kama mtu anayesomewa majina ya wageni watakaokuja.

"So What" nimeinasa ile sehemu ya kupandishwa. Nusu sauti tu, inabadilisha chumba kizima! Son ndiyo imeniua kabisa, hiyo sihesabu ni ngeni.

Dabu kwenye spika kubwa ni kitu kingine, nakubali, besi inatembea. Kumkata mwimbaji katikati ya neno bado naona ni utovu wa adabu.

Ila kuna jambo sikulitegemea. Nimerudi kwa Franco, nikaanza kusikia besi inavyoacha mapengo, inaguna, inanyamaza, inaguna tena. Miaka yote hii nilikuwa juu kwenye magitaa. Kwa hiyo Sikio Kavu, kabati silifungi, samahani.

Swali la nyongeza: raga fupi hakuna? Nusu saa ya utangulizi siku za kazi ni mtihani.

Mama Kanuni:

Marahaba mwanangu.

Zipo. Tafuta rekodi za enzi za santuri za mwanzo. Upande mmoja ulibeba dakika kama tatu tu, kwa hiyo mabingwa walilazimika kubana utangulizi, wimbo na kasi ya mwisho humo humo. Anza na mwimbaji Gauhar Jaan, alirekodiwa kule India tangu 1902. Sauti ina mikwaruzo mingi, ivumilie. Mwishoni mwa rekodi zake kadhaa utamsikia akijitaja jina lake kwa Kiingereza, haraka haraka, kabla sindano haijafika mwisho.

Kuhusu wa 13, baada ya kugeuza kiganja kwenye wa 9 usikirudishe mapema. Kiache hewani, hesabu 10, 11, 12 kwa kugusa vidole, ndipo ushuke.