Tupeane uzoefu: Mafunzo ya wanaoshughulikia watoto waliokinzana na sheria, tunapimaje kama yamefanya kazi?

Mtathmini Huru: Wakuu, habari. Uzi huu ni wa wanaotathmini mafunzo ya polisi wa dawati la watoto, maafisa ustawi, walezi wa mahabusu na mahakimu. Tuweke mbinu, na tuseme zinaharibikia wapi. Naanza: ile fomu ya kufunga semina inapima ukumbi na mwezeshaji basi. Katika ngazi 4 za kutathmini mafunzo za Donald Kirkpatrick (washiriki walivyoyapokea, kujifunza, mwenendo kazini, matokeo) hiyo ni ya kwanza tu.

Kalamu Nyekundu: Kwenye mtihani wa kabla na baada, msiulize maana ya istilahi. Wekeni tukio: "Mtoto wa miaka 14 amekamatwa usiku, mzazi hapokei simu. Andika hatua zako kwa mpangilio." Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 37, unataka kizuizi kiwe hatua ya mwisho, kwa muda mfupi kadiri inavyowezekana. Kwa hiyo jibu linaloanza na kumfungia halipati alama, hata likiwa limepangika. Tungeni karatasi mbili za ugumu sawa. Nusu ya washiriki waanze na A, nusu na B, la sivyo mtapima kumbukumbu ya maswali.

Jambo jingine: mtu hujipa 4 kati ya 5 kabla ya semina, kisha 3 baadaye, kwa sababu sasa ameona asichokijua. Siku ya mwisho muulizeni yote mawili: yuko wapi sasa, na kwa ujuzi huu angejipa ngapi siku ya kwanza.

Dawati: Mwenendo upimeni kazini, baada ya miezi 3 na tena 6. Orodha ya vitendo 10 inatosha, ndiyo au hapana. "Alimheshimu mtoto" haionekani kwa macho. "Alimwita kwa jina, alimweleza kwa nini yuko pale, alimwacha amalize kujibu" inaonekana. Waangalizi wawili wajaze kila mmoja kivyake kwa mahojiano yaleyale. Wakipishana, rekebisheni maneno ya orodha kabla ya kuendelea. Na kwa kuwa mtu akitazamwa hujirekebisha, someni pia majalada yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, ya kabla na ya baada.

Mama Takwimu: Naomba tuache kulinganisha idadi tupu. Kituo chenye wastani wa watoto 40 kwa siku 30 kina siku-mtoto 1,200 (idadi ya watoto mara idadi ya siku). Matukio 6 ya kutumia nguvu ni 5 kwa kila 1,000. Watoto wakipungua hadi 25, siku-mtoto ni 750, na matukio yaleyale 6 yanakuwa 8 kwa 1,000. Ripoti itasema "hakuna mabadiliko" ilhali hali imezidi kuwa mbaya.

Ripoti zikiongezeka baada ya mafunzo, msikimbilie kusema yamefeli. Huenda watu wameanza kuandika walichokuwa wakikificha. Linganisheni na daftari la majeraha la zahanati. Ila adhabu ya kumfungia mtoto peke yake imekatazwa na Kanuni za Havana za 1990 (za Umoja wa Mataifa, za kuwalinda watoto walionyimwa uhuru), hivyo lengo ni sifuri. "Imepungua" haitoshi.

Mtathmini Huru: Shukrani. Naongeza: msiibebeshe semina ya siku tatu lawama au sifa za watoto kurudia makosa, familia, shule na ufuatiliaji vina mkono mkubwa humo. Vituo vikifundishwa kwa zamu, vinavyosubiri ndivyo kundi la kulinganisha. Na watoto wenyewe waulizwe, faraghani, bila majina, na mtu asiye mtumishi wa kituo.