Baba mkwe kanialika mgahawa wa Kilebanoni anaokula miaka yote, naombeni ushauri nisije nikaaibika

Mkwe_Mgeni

Wakuu, salaam. Tumehamia karibu na wakwe zangu miezi michache iliyopita, na Jumamosi hii baba mkwe ametualika mimi na mke wangu chakula cha jioni kwenye mgahawa wa Kilebanoni wa mtaani kwao. Si mgahawa wa juzi. Mke wangu anasema alikuwa anabebwa kwenda pale kabla hajaota meno, na baba yake hajawahi kuonekana ameshika menyu.

Tatizo ni mimi. Mgahawa wa aina hiyo niliingia mara moja tu, mji mwingine, peke yangu. Nikaagiza humusi, ile rojo nzito ya dengu na ufuta wa kusaga, nikidhani ndiyo chakula kizima. Ikaja sahani pana na kikapu cha mikate, mimi nikaimaliza yote kwa kijiko kama mgonjwa wa uji. Mhudumu alinitazama kwa huruma, na usiku ule tumbo lilinisomea risala.

Sasa naagizaje? Nasikia pia kuna nyama mbichi inaletwa mezani, nikiikataa si nitamuudhi mzee? Mke wangu ana mimba ya miezi sita na anasema yeye ataila kama kawaida, kwa kuwa ameizoea. Na bili nilipe mimi au nimwachie? Nawasilisha.

Jiko_la_Nyuma

Mkuu, nimekaa miaka sita jikoni kwenye mgahawa wa Kilebanoni, kwa hiyo hili naliweza.

Kwanza, futa kichwani wazo la kila mtu na sahani yake. Pale chakula ni cha meza, wanaita meze. Vinaanza vya baridi: humusi, bilinganya ya kuchoma, labne (maziwa ya mgando yaliyochujwa hadi yakawa mazito), majani ya mzabibu yaliyoviringishiwa wali, saladi. Vinafuata vya moto: falafeli (kama bajia za dengu), sambuseki, kibe za kukaanga (madonge ya nyama na ngano). Nyama za makaa ndiyo mwisho. Wageni wengi wanajaa kwenye hatua ya kwanza, kisha mishikaki ikifika wanabaki kuitazama kama picha ukutani. Onja kidogo kidogo.

Kijiko kiache, mkate ndio kijiko. Chana kipande kidogo, kikunje kiwe kama kikombe, chota ukianzia ukingoni mwa sahani. Katikati ya humusi kuna kidimbwi cha mafuta ya zeituni, usikivamie mwanzo. Ulichokwisha kuuma hakirudi kwenye sahani ya watu.

Ukitaka kujua jiko lina mtu, angalia tabule. Iwe kijani kibichi, majani tele ya jamii ya kotimiri yaliyokatwa kwa kisu kikali, ngano ya kuhesabika, ndimu ikusisimue. Ukiona ngano imetawala, huyo mpishi anabana matumizi. Kisu butu nacho kinaponda majani na sahani inaingia maji. Nilikata majani hayo miezi mitatu kabla bosi hajaniruhusu kugusa kitu kingine.

Sina_Njaa

Mleta uzi, kwa hiyo humusi nzima uliimaliza peke yako? Mwaka 2010 wapishi wa Lebanoni waliweka rekodi ya dunia kwa humusi ya kilo 10,452, sawasawa na kilomita za mraba za nchi yao. Wangekualika, sherehe ingeishia jikoni.

Mama_Wawili

Acheni utani kidogo. Kaka, hapo kwenye mimba ndipo pa kusimama. Hiyo nyama inaitwa kibe naye, inasagwa laini na ngano, vitunguu na viungo, inaliwa mbichi kabisa. Watu wanaipenda na siwalaumu. Ila mjamzito haili. Vimelea vya toksoplasma havionekani wala havinuki, na vikimpata mama mara ya kwanza akiwa na mimba vinaweza kumfikia mtoto. Kwamba mgahawa ni wa siku nyingi na amekula pale tangu utotoni haibadilishi kitu, maana nyama ya Jumamosi ni ya Jumamosi. Kuna kibe za kukaanga, ladha ni ndugu moja, ale hizo zikiwa zimeiva hadi ndani.

Usilianzishe mezani mbele ya baba yake. Ongea naye nyumbani, au mwombe mama mkwe aseme yeye.

Kwa upande wako, huipendi, sema "asante, hii itanishinda" na uchote humusi. Hakuna mzee anayekasirikia hilo.

Kamusi_Mkononi

Mimi nachangia lugha tu. Utaletewa krimu nyeupe kali pamoja na kuku wa makaa, wanaiita tumu. Ni kitunguu thomu kilichopigwa na mafuta na ndimu, na jina ndilo hilohilo, limetoka Kiarabu kama la kwetu. Ukiwa unakula, mwenyeji atakwambia "sahteni", yaani siha mbili. Siha hii hii unayoijua. Unamjibu "ala albak", iwe juu ya moyo wako.

Bilinganya_Original

Jiko_la_Nyuma umesema "bilinganya ya kuchoma" ukapita haraka. Yenye ufuta wa kusaga ni mutabali. Baba ganushi kwa Walebanoni wengi haina ufuta, ina nyanya, vitunguu na mchuzi mzito wa komamanga. Nje ya Lebanoni wanaziita zote baba ganushi na mimi naumia kimoyomoyo.

Jiko_la_Nyuma

Bilinganya, nakubali kosa. Mleta uzi, kahawa nayo usisahau: sukari inachemshwa pamoja nayo, kwa hiyo unasema mapema. Isiyo na sukari ni "sada". Usikoroge, na usinywe hadi chini, kule ni tope.

Mpwa_wa_Bili

Kwenye bili lipa wewe. Jifanye unaenda kunawa, malizana nao kaunta kimyakimya.

Mama_Wawili

Usimsikilize. Mzee amealika kwenye mgahawa wake, mbele ya mwenye mgahawa, rafiki yake wa miaka, halafu wewe mkwe umlipie kisirisiri? Utakuwa umemvua kofia hadharani. Jitolee mara moja, akikataa shukuru. Nenda na matunda ya kupeleka nyumbani kwao, na safari ijayo ualike wewe.

Mkwe_Mgeni

Mrejesho, wakuu. Mama mkwe aliwahi. Tulipokaa tu alimwambia mwenye mgahawa, "leo mbichi usilete, binti ana mgeni tumboni," na mambo yakaishia hapo. Mke wangu alinuna dakika tano, kibe za kukaanga zilipofika akala nne.

Mkate niliukunja vizuri hadi baba mkwe akaniuliza nimejifunzia wapi. Sikumtajia uzi huu. Tabule ilikuwa kijani kama bustani.

Bili haikuja kabisa! Nilijitolea mara moja kama nilivyoshauriwa, mzee akacheka, mwenye mgahawa akachomoa daftari chini ya kaunta akaandika mstari mmoja.

Nilipoharibu ni kwenye lugha. Mwenye mgahawa alikuja kutusalimia, na mimi kwa kujiamini nikamrukia na "sahteni!" Akasimama, akaitazama mikono yake mitupu, akasema, "Mwanangu, mimi sijala tangu asubuhi." Meza nzima ikaangua kicheko. Kisha akavuta kiti, akachana mkate, akala na sisi mpaka taa za nje zikazimwa.