Mdogo wangu kaihama timu ya Kentucky baada ya Jumamosi. Nimlazimishe au nimwache?

KakaMkubwa_Lex
Wakuu, habari za majukumu. Mnaofuatilia kikapu cha vyuo huku Marekani, naombeni ushauri.

Mdogo wangu yuko sekondari hapa Lexington. Tulitoka kambi ya Nyarugusu akiwa mtoto, na Kentucky aliipenda kwa ajili ya Oscar Tshiebwe. Kijana wa Lubumbashi, Kiswahili anakiongea kama sisi, halafu 2022 anatangazwa mchezaji bora wa vyuo Marekani nzima! Jezi namba 34 dogo alikuwa analala nayo.

Sasa Jumamosi, tarehe 1 Februari 2025, Calipari, kocha wetu wa zamani, karudi uwanjani kwetu Rupp Arena na Arkansas yake, wametufunga 89-79. Usiku dogo kaitia jezi kwenye mfuko wa nguo za kugawa. Anasema kocha wake ni Calipari, huyu Pope aliyechukua nafasi yake hatufikishi popote. Mama anasema nimwache. Mimi inaniuma, maana tiketi mbili za mechi ya Tennessee tarehe 11 nimeshanunua. Nifanyeje?

MzeeWaRupp
Pole, mdogo wangu. Lakini mweleze huyo kijana watu wa hapa wametoka wapi. Calipari alitupa ubingwa 2012. Mwaka 2015 tulishinda mechi 38 bila kupoteza, Wisconsin wakatutoa nusu fainali ya NCAA, mashindano ya vyuo ya kitaifa. Baada ya hapo imani ikawa inamomonyoka: msimu wa 2020/21 tulishinda 9 tukapoteza 16, 2022 Saint Peter's wakatutoa raundi ya kwanza, 2024 Oakland nao vilevile. Yule Gohlke wa Oakland alitupia mitupo kumi ya pointi tatu, nikazima televisheni. Watu walichoka, hawakukosa shukrani.

Na Pope mwenyewe alipotajwa Aprili 2024, wengi walikasirika, kwa kuwa akiwa kocha wa chuo cha BYU hakuwahi kushinda hata mechi moja ya mashindano ya NCAA. Siku chache baadaye Rupp ikafurika kumpokea, kwa sababu alikuwa nahodha wa Kentucky iliyochukua ubingwa 1996. Kwa hiyo kugeuka kwa dogo kusikushtue, mji mzima uligeuka ndani ya wiki moja.

Nguruwe_Mwekundu
Mimi niko Arkansas. Aje tu, karibu sana. Ila ajue Januari hii tulianza ligi yetu ya SEC kwa kufungwa mechi tano mfululizo, na watu hapa walikuwa wanauliza kama mzee Calipari kaishiwa. Akitafuta kocha asiyelalamikiwa, huku hatampata.

MamaFuraha
Mwanangu, nikuulize kitu kimoja. Calipari alipoingia uwanjani Jumamosi na watu wakaanza kumzomea, mdogo wako alikuwa wapi?

KakaMkubwa_Lex
Shikamoo mama. Tulikuwa wote sebuleni. Alinyamaza kuanzia hapo, hata chakula hakumaliza.

MamaFuraha
Marahaba. Basi kilichomuumiza si kufungwa. Huyo ndiye kocha aliyempa Oscar nafasi, na kwa mtoto kumzomea kocha ni kama kumzomea Oscar. Ile mechi ya Saint Peter's mnayoitaja kila siku, Oscar alifunga pointi 30 na kuchukua ribaundi 16. Anawasikia mkiuita mwaka ule aibu, naye ndio mwaka anaoupenda kuliko yote. Usimlazimishe. Mwambie tu kwamba ana haki ya kumpenda Calipari na bado akaketi na wewe Rupp.

MzeeWaRupp
Mama kaona mbali. Mimi sikumzomea, ila sikumpigia makofi pia, na ningepaswa kumpigia.

KakaMkubwa_Lex
Asanteni sana. Nimeongea naye jioni hii, karibu saa nzima, hasa kuhusu Oscar. Arkansas haiachi. Lakini anataka kumwona Oweh wa Kentucky akicheza, kwa hiyo tarehe 11 anakuja, na jezi atavaa anayotaka mwenyewe. Kuna mwingine anakwenda? Gari langu lina nafasi mbili, tunaondokea upande wa Tates Creek.