Mtwara: tumelipishwa kuni, samaki kachomwa kwa maganda ya korosho

Wakuu, habari za jioni. Jambo hili nimekaa nalo siku tatu nikisubiri hasira zishuke. Hazijashuka, kwa hiyo naandika.

Hapa mjini, upande wa bahari, kuna mgahawa unaofunguliwa msimu wa korosho tu. Minada ikianza mwezi wa kumi wanaezeka makuti mapya, wanapanga meza mchangani, wanawasha moto. Masika ikikaribia wanafungasha. Sifa yao ni kwamba kila kitu kinachomwa kwa kuni, mbele ya macho ya mteja. Kibao cha barabarani kinasema hivyo, na menyu inarudia: "kuni za mkorosho mkavu". Huu ni mji wa gesi ya Mnazi Bay. Mtu akikwambia hapa anapika kwa kuni, anakuuzia ladha, na wewe unakubali kulipa zaidi kwa ajili ya ladha hiyo.

Jumamosi nilimpeleka baba. Alikuja kutoka Msimbati kwa ajili ya macho yake, na tangu mama atutoke sijamwona ameketi mahali akaletewa chakula kwa heshima. Korosho zetu zilishauzwa, fedha imeingia, nikamwambia mume wangu mwaka huu tumfurahishe mzee. Tulikuwa watano pamoja na watoto wawili, mdogo ana miaka sita.

Meza niliiweka tangu Alhamisi kwa simu. Tulifika saa moja, tukakaa, hata maji hayajaja, akaja kijana: "Samahani dada, hapa pana wageni wa mnada, naomba tuwahamishe." Baba alishanyanyuka kabla sijajibu, ndivyo alivyo, hapendi ugomvi. Tukapelekwa meza ya mwisho kando ya jiko. Upepo ulikuwa unatoka baharini, kwa hiyo moshi wote ukawa wetu. Sikupigia kelele. Ni msimu, wanunuzi wana hela, nikanyamaza. Leo najuta kunyamaza.

Samaki unamchagua mwenyewe kwenye sanduku la barafu, anapimwa, unalipa kwa kilo. Tulichagua kolekole mzuri tu, macho bado yanang'aa. Kilo moja 28,000. Soko la samaki la Feri hapo, Ijumaa, kolekole nilimnunua kilo 12,000, lakini sawa, kuna kazi ya kuandaa na kuna hizo kuni. Yule kijana akamweka samaki kwenye sinia la bati na sinia akaliweka juu ya mzani. Kilo 2.6. Baba akamwambia taratibu kabisa, "Mwanangu, toa sinia kwanza." Akajibu, "Mzee, mzani umesharekebishwa." Mzani wenyewe sikuuona na stika ya Wakala wa Vipimo, na niliutazama pande zote. Sinia lile lina uzito gani sijui. Najua kwamba nimelilipia kwa bei ya kolekole.

Sasa pweza. Tuliuliza kama ni mbichi, tukaambiwa, "Wa leo asubuhi, mzee." Baba akatazama juu. Mwezi ulikuwa nusu. Mtu wa pwani haelezwi maana yake: ni maji mafu. Maji hayatoki ya kutosha, mwamba hauonekani, akina mama wa kuchokoa pweza kwa miguu wamekaa majumbani wanasubiri bamvua. Akamuuliza kijana, "Kachokolewa mwamba gani leo?" Kijana akacheka, akaenda zake. Pweza alipoletwa alikuwa anachuruzika maji sahanini na ngozi inachubuka kwa uma, pweza aliyekaa barafuni siku nyingi. Baba akasema neno ambalo sijaacha kulifikiria: kumgandisha pweza si kosa, watu wote wanagandisha, ila kwa nini aniambie wa leo mimi niliyezaliwa ufukweni?

Hayo yote ningeweza kuyameza. Kilichonifanya nianzishe uzi huu ni moto.

Tulikuwa tunasubiri samaki, yule mdogo akaanza kukohoa. Nikadhani ni moshi wa kawaida, nikamhamishia upande wa pili. Akakohoa tena, akaanza kujifuta macho, akasema, "Mama, koo linawasha." Mara na mimi nikasikia ule ukali puani. Waliokulia kwenye mikorosho mnaujua. Tulipokuwa watoto, bibi akikaanga korosho kwenye debe lililotobolewa, sheria ya kwanza ilikuwa kukaa upande unaotoka upepo, na ole wako usogeze uso. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza. Wabanguaji wanapaka majivu au mafuta mikononi ili wasitoke malengelenge, na bado wengine vidole vyao vimechubuka. Moshi wake ni mafuta hayo hayo yakiwa hewani. Viwandani maganda wanayachoma kwenye matanuru ya boila, na hakuna mtu mwenye akili anayeweka chakula cha binadamu juu yake.

Nikanyanyuka nikazunguka nyuma ya makuti. Magunia matatu ya maganda yameegemezwa ukutani, moja limefunguliwa na ndani kuna kopo la kuchotea. Kwenye jiko, kuni mbili tatu zimepangwa mbele ambako mteja anaona. Chini ya wavu ni maganda yanawaka, ule moto wa njano unaoruka na kutoa moshi mweusi, na kolekole wetu yuko juu yake.

Nilimuuliza mchomaji, hakuniangalia usoni. Akaja msimamizi. "Mama, hayo ni ya kuwashia tu." Ya kuwashia, kwa kopo, saa mbili usiku, wakati moto umewaka tangu saa kumi na mbili? Nikamwambia hivyo. Akahamia kwingine: kuni zimekuwa ghali, maganda ni mali ya hapa hapa, wateja hawajawahi kulalamika. Hilo la kuni kuwa ghali ndilo lililoniuma zaidi. Nyuma ya nyumba yangu nina rundo la matawi ya mkorosho tangu tulipopogolea baada ya msimu uliopita, na majirani zangu hivyo hivyo. Watu wanayachoma moto shambani ili wapate nafasi. Angetuma mtu na toroli angepata kuni za wiki nzima, pengine kwa bei ya soda.

Na hata kwa kupika tu, wakuu, hawajui wanachofanya. Samaki wa kuni hawekwi juu ya mwali. Unawasha mapema, unaacha kuni zife ziwe makaa, unayatandaza, ndipo samaki aliyepasuliwa mgongoni na kukolezwa chumvi, ndimu na pilipili anawekwa, na unampa muda. Wazee wa Mikindani wanachoma hivyo kila siku kwa wavu uliotengenezwa kwa nondo, hawana kibao wala menyu. Wetu alikuja mweusi nje, mbichi kwenye mfupa, na ngozi ina uchungu kama dawa. Baba alionja kipande kimoja, akakirudisha sahanini, akanawa mikono. Mtu ambaye hajawahi kuacha samaki maishani mwake.

Bili ikaja kwenye karatasi ya daftari, kwa kalamu. Samaki 72,800. Pweza sahani mbili 36,000. Wali wa nazi 20,000, madafu 10,000. Chini kabisa: "kuni 10,000". Jumla 148,800. Nikasema samaki hatujamla, na kuni sijaziona. Msimamizi akasema aliyeagiza ndiye anayelipa, na tukifanya fujo kuna walinzi. Mbele ya baba yangu! Mume wangu akalipa ili tuondoke. Namba ya kulipia ikaja na jina la mtu binafsi, si la biashara. Nikaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikaambiwa mashine mbovu.

Njiani baba hakusema kitu mpaka tulipofika. Akaniambia, "Mwanangu, ungeninunulia tu dagaa." Nililia chumbani, nasema ukweli.

Mtoto amekohoa usiku kucha. Jumapili nikampeleka zahanati, akapewa dawa, leo yuko vizuri. Mimi mwenyewe midomo ilikuwa inawasha mpaka Jumapili jioni, kwa vile nililamba kidogo ule ukoko wa samaki ili nihakikishe.

Jana mwenye mgahawa amenipigia, sijui namba yangu kaipata wapi, labda kwenye daftari la kuwekea meza. Alikuwa mpole. Akasema turudi Ijumaa, chakula cha familia nzima bure, ila nisiandike popote. Nimemkatalia. Sitaki chakula chake. Nataka 82,800 yangu, yaani samaki na hizo kuni, nataka akampigie baba simu amwombe radhi kwa kumtishia walinzi, na nataka yale magunia yaondoke jikoni. Akasema atanijibu. Hajajibu mpaka sasa hivi ninapoandika.

Jina la mgahawa sitaliweka hapa, msinilazimishe. Ila mlio Mtwara na mmekula kwenye moto wa msimu mwaka huu, naomba mniambie: kuna aliyewashwa koo au macho? Kuna aliyeona magunia nyuma? Na kwa anayefahamu, naomba mwongozo: kesho asubuhi naenda kwa afisa afya wa manispaa. Picha ninazo, za magunia, za jiko, na ile karatasi ya daftari. Nianzie kwake, au kwanza niende Wakala wa Vipimo kwa ajili ya ule mzani?

Mnaotaka kuniambia "ungepika nyumbani", nimeshapika. Jumapili jioni nilikwenda Feri, nikanunua changu wawili, nikawasha yale matawi ya nyuma ya nyumba, nikasubiri yawe makaa. Baba alikula akaomba kichwa cha pili.