Mjadala: Mwenye mshahara wa kawaida achague hisa mwenyewe, au anunue kapu zima akalale?

Mleta mada, Morogoro

Wakuu, habari za jioni. Nina akaunti ya hisa tangu 2019, na wiki hii nimefanya jambo nililokuwa nalikwepa: nimetoa karatasi zote za dalali nikazipanga mezani. Mtaji niliotia kidogo kidogo ni milioni 4. Nimenunua na kuuza mara kumi na moja. Nilitoka benki moja nikaingia nyingine, nikarudi ile ya kwanza, nikajaribu saruji, nikatoka. Ada ya dalali, ya soko, ya mamlaka na ya utunzaji wa hisa, ukizijumlisha kwenye karatasi zangu, zinagusa asilimia 2 wakati wa kununua na 2 nyingine wakati wa kuuza. Kwa hiyo kila nilipohama kampuni niliacha karibu asilimia 4 njiani, kabla kampuni mpya haijanipa hata senti ya gawio.

Ningeziacha hela zangu kwenye kampuni ya kwanza nisiguse kitu, leo ningekuwa mbali. Mama watoto, ambaye kila mwezi anatuma elfu hamsini kwenye vipande vya UTT (mfuko wa pamoja wa uwekezaji) na hajawahi kufungua ukurasa wa biashara wa gazeti lolote, amenipita. Hajanicheka. Aliniuliza tu, wakati ananipakulia wali, kama bado ninachambua.

Mchumi William Sharpe aliliandika jambo hili mwaka 1991 na halihitaji digrii. Sisi sote wenye hisa za soko fulani, tukijumlishwa, ndio soko lenyewe. Mimi nikipata zaidi ya soko, kuna mwenzangu kapata pungufu. Kabla ya ada tunatoka sare. Baada ya ada, kundi la wanaohangaika lazima libaki nyuma ya kundi la waliotulia, yaani walionunua kapu zima la soko wakaliacha. Ni karata ambazo mwenye meza anakata chake kila mzunguko. Na msidharau asilimia 2: milioni 1 ikikua kwa asilimia 10 kwa mwaka, baada ya miaka 20 ni milioni 6.7. Ikikua kwa 8 ni milioni 4.7. Milioni 2 zimeondoka na hukuziona zikitoka.

Msimamo wangu: mtu mwenye kazi yake ya kila siku asichague hisa. Nawasilisha, nipingeni.

Mwanza

Mkuu, umechanganya kuchagua na kuhangaika. Wewe hukuchagua, ulikuwa unarukaruka.

Chukua benki ya CRDB. Mwaka 2009 hisa ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 150. Mwaka 2015 wenye hisa wakauziwa nyingine kwa 350. Miaka michache baadaye bei ikaporomoka hata chini ya ile 150 ya mwanzo, na benki yenyewe haijafa, matawi yapo, hesabu zinachapishwa kila robo mwaka. Aliyekaa akazisoma, akanunua pale na akatulia, leo hela yake imejizidisha mara kadhaa. Hiyo nayo utaiita kamari?

Hoja ya Sharpe ni nzito New York, ambako kila kampuni inachunguzwa na watu kumi wenye kompyuta tatu kila mmoja. DSE, soko letu la hisa la Dar es Salaam, ilianza biashara 1998 na mpaka leo kampuni zinahesabika. Ni mnada wa mifugo ambao wanunuzi wengi hawajui kutazama meno ya ng'ombe. Anayejua kutazama atapata wake.

Halafu jingine. Shemeji yetu hajanunua soko zima. Kama ni mfuko wa Umoja wa hao UTT, ule una meneja. Wanaruhusiwa kuweka mpaka nusu kwenye hisa, zinazobaki ni hatifungani (mikopo ya riba kwa serikali au kampuni) na amana za benki, na kuna watu wanakaa ofisini wanaamua lini na kiasi gani. Wewe umejiajiri kuchagua, yeye kaajiri wachaguzi. Mfuko unaofuata fahirisi (kipimo cha bei za hisa za soko), unaonunua tu kilichomo humo bila wa kuamua chochote, ni kitu kingine.

Mleta mada

La shemeji nimelikubali, nilisema ovyo. Mke wangu katulia yeye, hela zake hazikutulia.

La CRDB sikubali. Waliolipa 350 mwaka 2015 nao walisoma hesabu zilezile za robo mwaka. Wao hawaji hapa kusimulia.

Nakuru

Mimi jirani, niruhusuni. Mnaongea kana kwamba kapu halitoboki. Fahirisi yetu ya kampuni 20 pale Nairobi ilipita pointi 6,000 Januari 2007. Mwaka 2020 ilikuwa chini ya 2,000. Miaka kumi na tatu! Hata ukiongeza migao ya kila mwaka, aliyeshika kapu lile zima akalala, aliamka vibaya.

Ukisema basi nitachukua fahirisi ya hisa zote, utakuta Safaricom imebeba sehemu kubwa ya thamani ya soko. Ilitoka zaidi ya shilingi 40 mwaka 2021 ikafika chini ya 15 mwaka 2023. Unadhani umenunua soko, kumbe umenunua kampuni moja na vijisehemu vya nyingine.

Malmö, Sweden

Niko ghalani, nafanya zamu za usiku, sina muda wa kusoma hesabu za mtu. Kila tarehe 25 kiasi fulani kinaondoka chenyewe kwenda mfuko wa fahirisi ya dunia, ada yake haifiki hata nusu ya asilimia 1. Mwekezaji John Bogle alipoanzisha mfuko wa namna hii Marekani mwaka 1976 alitarajia dola milioni 150, akapata milioni 11 na ushee, wakamcheka. Mwaka 2008 bilionea wa uwekezaji Warren Buffett akaweka dau la dola milioni 1: mfuko wa fahirisi ya S&P 500 (kampuni kubwa 500 za Marekani) dhidi ya makapu matano ya mifuko ya mameneja mabingwa, kwa miaka kumi. Fahirisi ilitoa kama asilimia 7 kwa mwaka, mabingwa kwa wastani kama 2.

Lakini wa Nakuru ana hoja. Fahirisi ya Japani ilikaribia 39,000 Desemba 1989, na kiwango hicho ilikipita tena Februari 2024. Kinachoniokoa mimi ni kwamba kapu langu lina nchi nyingi. Sijui ningefanya nini ningekuwa Morogoro na kapu lenye mabenki mawili na kiwanda cha bia.

Tanga

Hapo kwenye bia ndipo nilipokuwa nasubiri. Mimi ni Muislamu, na kapu la DSE likinunuliwa lote lina bia, lina sigara, lina mabenki ya riba. Mnaponiambia ninunue soko zima nisichague, mnaniambia nifumbe macho nile kila kilichomo sahanini. Kwangu kuchagua si mbwembwe za uwekezaji. Nimebaki na kampuni chache sana, nazishika, sihami. Ada nalipa mara moja. Nikipata pungufu ya soko nitavumilia, si hasara ya kukosa usingizi.

Arusha

Kaka zangu, mnagombania nini? Hatifungani ya serikali ya miaka 25 mwaka 2021 ilikuwa inalipa karibu asilimia 16, na kianzio ni milioni 1. 2022 hati mpya zikashushwa hadi kama 12 na nusu, ila sisi tuliowahi bado tunapokea riba yetu ileile kila baada ya miezi sita. (Ndugu wa Tanga, samahani.)

Mwanza

Dada, na wewe umechagua. Ulichagua mwaka.

Mleta mada

Tanga kanibadilisha kidogo. Nilipoandika "mtu asichague" nilikuwa namfikiria mtu mmoja tu, mimi, na ugonjwa wangu wa kuhamahama. Kwa hapa kwetu, ambapo kapu lenyewe lina kampuni chache na mbili tatu ndizo zinazolibeba, pengine cha kupigania ni ada na utulivu, kapu liwe kubwa au dogo. Nimeamua: nabaki na hisa za benki moja, sitazigusa mpaka mdogo wangu amalize chuo. Zinazobaki nauza, hela inakwenda kwenye vipande pamoja na za mama watoto.

Tatizo ni kuuza. Oda iko sokoni tangu Jumatatu, leo Alhamisi, hajatokea mtu.

Mwanza

Ni zile za saruji? Umeweka bei gani? Nitajie, labda nichukue mimi.

Mleta mada

Sasa umenitia wasiwasi. Kuna nini umekiona huko?

Mwanza

Taja bei mkuu.

Mleta mada

Naifuta oda.